Anafungwa Mmoja, Wananyamaza Wengi

Ukisoma Sura Yusuf mwezi huu utaona kuwa wakubwa wa Misri walishaona dalili kuwa Nabii Yusuf (A.S.) hana kosa, na bado wakamtia gerezani. Usidhani mambo hayo yaliishia Misri. Yametufika hapa Nakuru.

Mwaka 1966 Bunge la Kenya liliipa serikali njia ya kumweka mtu kizuizini bila kumpeleka kortini. Hakuna mashtaka, hakuna tarehe ya kutoka. Koigi wa Wamwere, mzaliwa wa Nakuru, aliwekwa kizuizini 1975 akatoka Disemba 1978. Mwaka 1979 watu wa Nakuru Kaskazini wakamchagua awe mbunge. Mwaka 1982 akarudishwa ndani hadi 1984. Mwaka 1990 akashtakiwa uhaini, akaachiliwa Januari 1993. Haukupita mwaka akakamatwa tena, na mwaka 1995 korti ya hapa Nakuru ikamhukumu miaka minne na viboko sita kwa unyang'anyi katika kituo cha polisi cha Bahati, kosa alilolikana.

Sasa jiulize, mtu mmoja anasumbuliwa hivyo kwa nini? Ni kwa sababu yako wewe uliye nje. Mbunge akichukuliwa, mwenye duka atasema nini? Baba anamwambia mtoto nyamaza, ukuta una masikio. Hivyo seli chache zinalinda nchi nzima.

Waliovunja hofu hiyo ni akina mama. Februari 1992 mama za wafungwa wa kisiasa, akiwemo Monica Wangu, mama yake Koigi, walikaa Uhuru Park, Nairobi, wakagoma kula. Polisi wakawapiga Machi 3. Hawakukata tamaa, wakahamia kanisa la All Saints. Kufikia mwanzo wa 1993 wengi wa watoto wao walikuwa wametoka. Mwaka 1997 kizuizi bila kesi kikaondolewa katika sheria.

Ndugu yangu, sheria ilibadilika, lakini hofu hurithiwa. Leo baada ya kufuturu, kaa na wazee wako pale Bondeni uwaulize: miaka ile mliogopa kusema nini? Na unapotoa sadaka, kumbuka Sura Al-Insan imemtaja mfungwa pamoja na maskini na yatima.

Wabillahi tawfiq.