Ukomo wa misimbo ya vitufe

Ukibonyeza kitufe, kibodi haipeleki herufi kwenye kompyuta. Inapeleka nambari, ambayo mfumo wa uendeshaji huigeuza kuwa kile tunachokiita msimbo wa kitufe. Msimbo hutaja mahali kitufe kilipo. Katika Linux, kitufe cha kwanza kwenye safu ya juu ya herufi ni 16. Mwenye saiba wa Ramisi, Kenya, akikibonyeza anapata Q. Mwenziwe wa Bukavu anayetumia kibodi ya Kifaransa anapata A. Msimbo ni uleule, herufi huamuliwa baadaye na mpangilio wa kibodi.

Ukomo unatokana na nafasi iliyotengewa nambari hiyo. X11, mfumo wa madirisha uliotoka mwaka 1987, uliupa msimbo baiti moja, yaani thamani 0 hadi 255. Nane za mwanzo hazitumiki kwa vitufe. Kiini cha Linux kinahesabu hadi 767, na kila msimbo unaotoka humo huongezwa 8 kabla ya kuingia X11. Kitufe cha kunyamazisha maikrofoni kina msimbo 248. Ongeza 8 upate 256: kimeachwa nje kwa moja tu.

Linganisha na nambari za usajili wa magari. Yale yanayopita Ramisi kwenda Lunga Lunga yana nambari zenye herufi na tarakimu tatu. Tarakimu zikifika 999, herufi hubadilishwa na hesabu huanza upya. X11 haikuwekewa herufi ya kubadilisha.

Watengenezaji wa systemd, programu inayosimamia mfumo wa Linux, walitafuta njia ya kando. Kwa laptopu nyingi, kitufe cha kunyamazisha maikrofoni kilipewa msimbo wa F20, ambao ni 190, kwa kuwa kibodi za kawaida hazina F20. Wayland, iliyokuja kuchukua nafasi ya X11, inatumia biti 32, na kwake tatizo hilo halipo.

Kwa hiyo tuseme “ukomo wa misimbo ya vitufe”. Tukifupisha tukasema “ukomo wa vitufe”, msomaji atadhani kibodi imezidisha vitufe, na fundi atauza kibodi mpya bila sababu. Kabla ya kushika bisibisi, afungue programu ya evtest na kubonyeza kitufe kinacholalamikiwa. Nambari ikitokea, kitufe ni kizima. Kinachotakiwa ni kukibadilishia msimbo.