Darubini ya bunduki: historia ya kitu kizuri kilichofungwa vibaya



Leo sitaongea juu ya mbolea wala mihogo. Nitaongea juu ya darubini ya bunduki, ile kwetu wengi wanaitaka "lunette". Najua, sisi watu wa Mashariki, neno bunduki peke yake linatosha kumufanya mutu afunge mulango. Sikuje hapa kusifu silaha. Lakini historia ya chombo hiki imenifundisha kitu juu ya kazi yetu sisi wenye diploma, na nilikitafuta nyuma ya kupata haya mbele ya kijiji kizima.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mradi mumoja ulinituma mulimani kupima mistari ya usawa, ili wakulima wachimbe mitaro ya kuzuia udongo usishuke na mvua. Nilipewa nivo, ile mashine ya miguu mitatu yenye darubini juu, na ndani ya darubini muko musalaba mwembamba wa kulengea. Mashine nzuri, ndani ya sanduku yake. Na mimi nilikuwa nimepata pointi nzuri kwenye topografia. Nikaiweka, nikalenga, nikaandika, wakulima wakachimba siku tisa. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, maji yalikimbilia upande mumoja wa mitaro, yakajaa, yakapasua, yakashuka na maharagi ya mama mumoja mujane. Muzee mumoja akaniangalia, akasema kwa upole: "Agronomu, mwanangu, maji haisomake diploma."

Kisha tukaipima ile nivo kwa vigingi viwili. Unaiweka katikati ya vigingi, unasoma. Unaisogeza karibu na kigingi kimoja, unasoma tena. Tofauti ya vigingi ikibadilika, mashine inasema uongo. Na yetu ilisema uongo. Kioo kilikuwa kizima, musalaba ulionekana vizuri, lakini mustari wa kulenga uliinama, pengine juu sanduku iligongwa njiani. Kwa mita 10 kosa halikuonekana. Kwa mita 60 lilikuwa upana wa kiganja. Dakika kumi na tano za kuipima mbele ya kuanza zingetosha. Mimi sikuzitoa.

Njo nikaanza kujiuliza: huu musalaba ulitoka wapi? Na nikakuta kwamba nivo na darubini ya bunduki ni watoto wa mama mumoja.

Kulingana na hadithi yake, ilianza na buibui. Karibu mwaka 1640, kule kaskazini ya Uingereza, kijana mumoja mwenye kupenda nyota, William Gascoigne, alikuwa anatengeneza darubini zake. Buibui akavuta uzi ndani ya moja. Gascoigne alipoangalia, akaona uzi na kitu cha mbali pamoja, vyote wazi. Akaelewa mara moja: kama uzi unaweza kukaa pale, basi darubini haitakuwa tena ya kuona tu, itakuwa ya kulenga na ya kupima. Kijana huyu hakuzeeka. Alikufa mwaka 1644 kwenye vita vya Marston Moor, wakati Waingereza walipigana wao kwa wao, yeye upande wa mufalme.

Wapimaji walikamata wazo hilo mbele ya wapiga bunduki. Mwaka 1669 na 1670, Mufaransa Jean Picard alitumia darubini zenye nyuzi kupima umbali kati ya Paris na Amiens, akitafuta ukubwa wa dunia. Bunduki ilingoja karibu miaka mia mbili tena, juu ilikuwa bado haistahili: mutu anaweza kulenga nywele, lakini risasi ya zamani ilienda inakotaka. Mutu mumoja aliyejulikana sana kwa darubini za bunduki ni William Malcolm, wa Syracuse kule Marekani, aliyeanza kazi hiyo miaka ya 1850. Darubini za wakati huo zilikuwa ndefu kama mutungi wenyewe wa bunduki, zinaonyesha mahali padogo tu, na ukizigonga kidogo zinapotea. Katika vita vya ndani ya Marekani, 1861 mpaka 1865, pande zote mbili zilikuwa nazo, lakini chache.

Somo kubwa lilikuja na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1914 Wadachi waliingia vitani wakiwa na faida moja kubwa: kwao kulikuwa wawindaji wengi wenye kuwinda porini jioni, wakati mwanga ni kidogo, na viwanda kama Zeiss na Goerz vilijua kutengeneza vioo. Jeshi lilikusanya bunduki za kuwinda zenye darubini, kisha likaagiza zake kwa maelfu. Waingereza walikuwa nyuma. Hata kioo chenyewe cha kutengenezea darubini, sehemu kubwa walikuwa wanakinunua kwa Wadachi hao hao. Katika mahandaki ya Ufaransa, Mwingereza aliyeinua kichwa mara moja tu aliweza asirudi nyumbani.

Hapo njo anaingia Hesketh-Prichard. Alikuwa muwindaji, muandishi, muchezaji wa kriketi, mutembezi aliyefika Patagonia na Labrador. Mwaka 1915 alifika Ufaransa kama ofisa wa kusindikiza waandishi wa habari, lakini alibeba na bunduki zake za kuwinda. Alipotembea kwenye mistari ya mbele, aliona kitu cha ajabu: darubini zilianza kufika, nzuri, za bei kali, lakini nyingi hazikulenga mahali zilipoonyesha. Zilipitishwa mukono kwa mukono, kikosi kimoja kikitoka kinamwachia kingine kama vile unaacha majembe na ndoo. Hakuna aliyemwonyesha askari namna ya kuzirekebisha. Askari anapiga, anakosa, anafikiri mukono wake ni mubaya. Kumbe mukono ulikuwa muzima.

Na shida nyingine ilianzia kwenye kiwanda. Bunduki ya Waingereza, Lee-Enfield, ilijazwa kwa juu, risasi tano tano kwenye kibanio. Ili nafasi ya kujazia isizibwe, darubini nyingi zilifungwa pembeni, upande wa kushoto. Kwenye meza ya biro wazo hilo ni zuri. Lakini handakini askari anapotaka kulenga, shavu lake linaacha kitako cha bunduki, kichwa kinaning'inia hewani. Tena walikuwa wanapiga kupitia tundu jembamba la bamba la chuma: mutungi unapita, darubini ya pembeni inaona chuma tu. Wakanada nao walipata darubini ya Warner & Swasey, yenye mupira wa kuweka jicho. Bunduki ikishtuka, ule mupira unanyonya jicho, na darubini yenyewe inalegea. Wenye kuchora hawakulala chini ya tope siku moja na yule mwenye kutumia.

Hesketh-Prichard alifanya nini? Hakusema "tuleteeni darubini zenye nguvu zaidi." Alizipima moja moja, akawafundisha watu namna ya kuzirekebisha na kuzilinda. Mwaka 1916, mwaka ule ule Force Publique na wabeba mizigo wetu walifika Tabora, alifungua shule ya jeshi huko Linghem, kaskazini ya Ufaransa. Humo askari walijifunza kupiga, lakini tena kuangalia na kuandika walichoona. Alitumia hata vichwa vya bandia vya karatasi: mupiga risasi wa adui akitoboa kichwa, wanaangalia kwa periskopu kwenye mustari wa tundu ile, wanajua risasi ilitoka wapi. Mwaka 1920 aliandika kitabu juu ya kazi hiyo, na mwaka 1922 akafa, bado hajafika miaka 50.

Sasa hesabu kidogo, juu sisi ni watu wa sayansi. Pete mbili zinazoshika darubini, tuseme ziko mbali sentimita 10. Weka chini ya moja karatasi ya kopi, ile ya unene wa milimita 0.1. Pembe inayotokea ni moja kwa elfu. Kwa mita 100, risasi inaenda sentimita 10 juu ama chini. Kwa mita 300, sentimita 30. Karatasi moja tu! Njo maana wafungaji wazuri mpaka leo wanafuata mambo yale yale. Wanaondoa mafuta kwenye skrubu na matundu yake, mbele ya kukaza. Wanakaza kidogo kidogo, upande huu na upande ule, wasikaze moja mpaka mwisho. Wanaacha nafasi ya sentimita nane ama kumi hivi kati ya jicho na kioo, juu bunduki inarudi nyuma na inaweza kupasua nyusi. Wananing'iniza uzi wenye jiwe kwa mbali, wanasimamisha musalaba sawa na uzi ule. Kisha wanapima karibu, mita 25, mbele ya kwenda mita 100. Wanapiga risasi tatu na kurekebisha kufuatana na katikati ya zile tatu, hawafuate moja peke yake. Wakisafiri, wanapima tena.

Hata kuchagua kuko na historia yake. Kijana anafikiri darubini ya kukuza mara 10 lazima inashinda ya mara 4. Lakini gawanya upana wa kioo cha mbele kwa nguvu ya kukuza: kioo cha milimita 40 kwa mara 4 kinaleta mwanga wa upana wa milimita 10 kwenye jicho, kwa mara 10, milimita 4 tu. Jicho la kijana gizani linafunguka mpaka karibu milimita 7. Wale wawindaji wa Kidachi wa jioni walijua sababu ya kupenda nguvu ndogo. Na darubini ya mara 10 inakuza tena kutetemeka kwako.

Kuna hata aliyeikataa kabisa. Simo Häyhä, mukulima na muwindaji wa Finlandi, katika vita vya baridi kali na Wasovieti, 1939 mpaka 1940, alihesabiwa kuwa aliua zaidi ya watu 500 kwa bunduki isiyo na darubini. Kioo kingeng'aa kwenye jua na kumuuza, na kingemulazimisha kuinua kichwa. Siandiki hesabu hiyo kwa furaha. Kila moja alikuwa mutoto wa mutu, na yeye mwenyewe risasi ilimuvunja taya mwezi wa tatu 1940. Nasema tu kwamba mukulima huyo alijua chombo chake, mwanga wa kwao na teluji ya kwao.

Na mwisho wa hadithi unaturudisha kwenye mashamba. Kule Portland, Marekani, mwaka 1907 kulizaliwa duka dogo la kutengeneza vyombo vya wapimaji wa ardhi. Baadaye likaanza kutengeneza tena vyombo vya kuandika usawa wa maji ya mito, vile wanahidrolojia wanatumia. Njo hilo lilikuja kuwa Leupold & Stevens. Mumoja wa familia ile alikosa munyama juu darubini yake ilijaa mvuke ndani. Mwaka 1947 wakatoa darubini iliyojazwa gesi ya naitrojeni, isiyoshika mvuke. Tatizo hilo lilitatuliwa na watu waliozoea nivo, mvua na mito.

Bandugu, tunaomaliza masomo tunapenda kulia: hatuna vyombo. Ni kweli, hatuna. Lakini angalieni pia vile viko: kipima asidi cha udongo ambacho hakuna anayekirekebisha, kipima mvua kilichofungwa chini ya mwembe, jipiesi inayoandikwa mita moja na hakuna anayeuliza. Mradi ukija unaleta chombo, unapiga picha, unaenda. Yule anabaki kukifunga na kukipima, huyo angekuwa sisi. Kama hatufanye hiyo kazi, kazi yetu ni ya nini?

Mama yule mujane tulimurudishia mbegu kwa muchango wa timu, na mitaro tukachimba upya, mara hii na mimi nikishika jembe. Nivo ni ile ile. Tuliirekebisha kwa kipini kidogo kilichokuwa ndani ya sanduku toka siku ya kwanza, na hakuna mutu alikuwa amekigusa. Mvua iliyofuata, muzee alikuja kusimama kando ya mutaro, akaangalia maji yamelala sawa mwanzo mpaka mwisho. Hakusema kitu. Alinipa tu ndizi mbili, akaenda.

Wewe uko na chombo gani pale kwenye kazi ama kwenye staji, ambacho hujawahi kukipima? Anza na hicho juma hili.