Jina la Wakili Katika Daftari la Mahakama



Yako maneno yasemwayo sana barazani na njiani, kwamba wakili ni mtu akodishwaye ili aseme uwongo kwa ufasaha. Aliyeshindwa katika kesi huyasema kwa uchungu, na aliyeshinda pengine huyasema kwa kicheko. Leo nataka kuwaeleza kwa nini maneno hayo si kweli. Na yakiwa kweli kwa wakili fulani, basi wakili huyo amevunja sharti kubwa la kazi yake, naye aweza kuipoteza kazi hiyo maisha yake yote.

Jaji hakuwapo jambo lilipotendeka. Hakuiona ng'ombe ikiibwa, wala hakuwapo fedha zilipohesabiwa. Huyajua yale tu yaletwayo mbele yake, na waletao ni mashahidi na mawakili. Kwa hiyo wakili ana wajibu namna mbili. Kwa mteja wake, imempasa kutunza siri zake na kuzieleza hoja zake kwa bidii yote. Kwa mahakama, imempasa asidai jambo alijualo kuwa si kweli, asimlete shahidi ajuaye kwamba atasema uwongo, wala asiifiche sheria iliyo kinyume cha hoja zake. Wajibu hizi mbili zikigongana, ule wa mahakama hutangulia. Wakili aweza kunyamaza kwa ajili ya siri ya mteja, lakini hawezi kudanganya kwa ajili yake.

Sharti hili ni la zamani. Katika Uingereza, mwaka wa 1275, wakati wa Mfalme Edward wa Kwanza, ilitolewa sheria kwamba msemaji wa mahakamani atakayefanya hila ili kuidanganya mahakama au mteja wake atafungwa mwaka mmoja na siku moja, wala hatasikilizwa tena mahakamani kumsemea mtu ye yote. Mwaka wa 1402 ikatolewa sheria nyingine: mawakili wapimwe na majaji, na wale walio wema na wenye sifa njema waandikwe majina yao katika daftari, kisha waape kwamba watafanya kazi yao kwa uaminifu. Desturi hiyo ya daftari ilienea katika nchi nyingi zilizofuata sheria za Kiingereza. Ndiyo maana adhabu kubwa ya wakili mpaka leo ni kufutwa jina lake.

Sasa tumtazame mtu mmoja ambaye jina lake liliandikwa, likafutwa, kisha likaandikwa tena. Mtu huyo ni Mohandas Gandhi wa Bara Hindi. Alikubaliwa kuwa wakili katika mji wa London tarehe 10 Juni 1891, katika chama cha mawakili kiitwacho Inner Temple. Mwezi wa Aprili 1893, akiwa kijana wa miaka 23, alipanda meli Bombay kwenda Afrika ya Kusini. Bandari ya kwanza aliyoifikia ilikuwa Lamu, kisha Mombasa, kisha Unguja, ambako alikaa siku kadhaa akingoja meli nyingine. Hivyo wazee wetu wa pwani walipata kumwona akipita, bila ya kujua ni nani.

Alikuwa ameitwa kusaidia kesi ya mfanya biashara mmoja aliyemdai ndugu yake paundi 40,000. Gandhi aliona kwamba kesi ikiendelea, gharama zitawala wote wawili, mdai na mdaiwa. Akawasihi wakubali kuamuliwa na mpatanishi. Mteja wake alishinda, na Gandhi akamwomba amruhusu ndugu yake alipe kidogo kidogo, asije akafilisika. Akakubali.

Mwaka wa 1894 aliomba kuwa wakili katika Mahakama Kuu ya Natal. Chama cha mawakili wa huko kilimpinga, lakini majaji walimkubali. Alipokwisha kuapa, Jaji Mkuu alimwambia avue kilemba chake, kwa kuwa ndiyo desturi ya mahakama ile. Mwaka uliotangulia, hakimu mmoja wa Durban alimwamuru vivyo hivyo, naye akakataa akatoka nje. Mara hii alikivua. Rafiki zake walinung'unika, lakini yeye aliona kwamba aliyekwisha kuingia katika kazi ya mahakama hana budi kuzifuata kanuni zake.

Baadaye alipata jaribu kubwa zaidi. Wapatanishi walikuwa wamempa mteja wake ushindi katika kesi ya hesabu. Gandhi alipozichunguza hesabu zile, aliona kosa: tarakimu moja ilikuwa imeandikwa upande usiopasa. Wapinzani hawakuliona. Wakili mkubwa aliyefanya naye kazi alisema kwamba hawalazimiki kulitaja, maana mteja aweza kupoteza ushindi wote. Gandhi akasema lazima litajwe, na mteja mwenyewe akakubali. Wakili yule mkubwa akakataa kusema mbele ya majaji, basi Gandhi akasimama peke yake. Alipolitaja kosa lile, jaji mmoja alidhani kwamba analeta hila, lakini alipomsikiliza mpaka mwisho alitambua ukweli. Majaji wakalisahihisha kosa, na ushindi ukabaki kwa mteja.

Siku nyingine, mbele ya hakimu wa Johannesburg, aligundua katikati ya kesi kwamba mteja wake amemdanganya. Gandhi hakujaribu kuufunika uwongo. Alimwomba hakimu aitupe kesi ya mteja wake mwenyewe. Wakili wa upande wa pili alishangaa, na hakimu alipendezwa.

Hata hivyo, mtu huyu ndiye aliyefutwa jina. Mwezi wa Machi 1922, huko Bara Hindi, alihukumiwa kifungo cha miaka sita kwa kuandika maneno ya kuipinga serikali. Hakukana, alikiri mbele ya jaji na kuomba adhabu yake. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Inner Temple ikalifuta jina lake. Gandhi aliuawa tarehe 30 Januari 1948, jina lake likiwa bado limefutwa. Lilirudishwa mwaka wa 1988, yaani miaka 40 baada ya kufa kwake.

Hapa pana swali. Je, kila wakili aliyefungwa amekosa uaminifu? Swali hilo liliulizwa tena mwaka wa 1954 katika Mahakama Kuu ya Transvaal. Chama cha mawakili kiliomba jina la Nelson Mandela lifutwe, kwa kuwa alihukumiwa mwaka wa 1952 kwa kuongoza watu kuvunja sheria za ubaguzi. Walter Pollak, wakili mashuhuri, alimtetea bila ya malipo. Jaji Ramsbottom alikataa ombi lile. Alisema kwamba kuvunja sheria hakutoshi peke yake. Ni lazima kosa lenyewe lionyeshe kwamba mtu hana heshima impasayo mwenye kazi hiyo. Mandela hakuwa ametenda jambo la aibu ya namna hiyo.

Lakini msidhani kwamba mpaka huo huonekana wazi kila mara. Bram Fischer, aliyeongoza utetezi wa Mandela katika kesi ya 1963 na 1964, alishitakiwa naye, akapewa dhamana. Mwezi wa Januari 1965 aliivunja dhamana hiyo akajificha, ili aendelee kupigana na ubaguzi. Mwaka huo huo jina lake likafutwa. Alikuwa ameipa mahakama ahadi, na ahadi ni deni. Lakini aliona kwamba sheria za nchi ile zenyewe zimeacha haki. Alikufa mwaka wa 1975, akiwa bado anatumikia kifungo cha maisha. Mwaka wa 2003 mahakama ya Afrika ya Kusini ililirudisha jina lake katika daftari.

Basi tumeona kwamba daftari liliwekwa ili jaji apate kuliamini neno la wakili. Anayeidanganya mahakama huharibu imani hiyo, na adhabu yake ni ya haki. Anayeadhibiwa kwa ajili ya dhamiri yake, bila ya kumdanganya mtu, ni mtu wa namna nyingine, na majaji walichukua miaka mingi kumtambua. Nanyi wanafunzi mtakao kuwa mawakili, kumbukeni tarakimu ile moja ambayo wapinzani hawakuiona. Njia ya mwongo ni fupi.