Karakana ya Chapa ya Rorke's Drift na Uzao Wake

Huenda, msomaji, umepata siku moja kuchonga herufi za jina lako katika kipande cha kiazi, ukakipaka wino, ukakigandamiza juu ya karatasi ya daftari. Kama umefanya hivyo, umekwisha gundua mambo mawili makubwa ya sanaa ya chapa. La kwanza ni kwamba herufi hutoka zimegeuka, ya kulia ikawa ya kushoto. La pili ni kwamba jina lililochongwa mara moja laweza kupigwa mara ishirini, na kila mwenzako darasani akapata lake. Jambo hili la pili ndilo lililoifanya sanaa ya chapa ipendwe na watu wasio na fedha. Picha ya rangi ni moja tu, na aghalabu huishia katika ukuta wa tajiri mmoja. Picha ya chapa hutoka nakala kumi, ishirini au hamsini. Msanii huzitia namba na sahihi yake kwa kalamu ya risasi, na kila moja ni kazi halisi, wala si kivuli cha nyingine.

Lakini kazi hii ina masharti yake. Anayechonga linoliamu, lile tandiko gumu la sakafu lifanywalo kwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyoshindiliwa juu ya kitambaa cha gunia, ahitaji patasi ndogo, wino na rola tu. Akikosa mtambo aweza kusugua mgongo wa karatasi kwa kijiko mpaka picha itoke. Anayetaka kuchora katika bamba la shaba hana njia hiyo. Bamba hupakwa nta, mchoro hukwaruzwa kwa sindano, kisha bamba hutiwa katika asidi ili mistari iliwe; na wino ulioingia katika mistari hiyo hautoki vema ila kwa mtambo wenye magogo mawili mazito ya chuma, yanayobana bamba na karatasi kama mashine ya miwa ibanavyo muwa. Mtambo huo ni mzito kuubeba na ghali kuununua, na ukiwa mali ya mtu mmoja hukaa bure siku nyingi. Kwa hiyo mahali pengi ulikofika, watu wameuzunguka kama wanakijiji wanavyokizunguka kisima. Na watu wanaongojeana kisimani huzungumza.

Katika bara letu la Afrika sijui kisima cha namna hii kilichonywesha wengi kuliko kile cha Rorke's Drift.

Wanafunzi wa historia hulijua jina hili kwa sababu ya vita. Ni kivuko cha mto Mzinyathi, ambao Waingereza waliuita Buffalo, katika Afrika ya Kusini. Na tarehe 22 na 23 Januari 1879 askari wa Kiingereza wapatao 150 walijihami hapo mbele ya maelfu ya mashujaa wa Kizulu. Wazulu hupaita KwaJimu, yaani kwa Jim, kwa ajili ya James Rorke, mfanyabiashara aliyekuwa na makao pale. Wamisionari wa Kiswidi walikuwa na kituo mahali hapo wakati ule ule wa vita. Vitabu vingi vya historia huishia hapo, na mimi naona vimekosea. Jambo la pili lililotokea KwaJimu, miaka themanini na zaidi baadaye, lastahili kusomwa zaidi kuliko lile la kwanza.

Mwaka 1961 walifika nchini mtu na mkewe, Peder na Ulla Gowenius, waliokuwa wamesomea sanaa Uswidi. Ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya polisi kuwaua kwa risasi watu 69 huko Sharpeville. Sheria ya elimu ya mwaka 1953 ilikuwa imekwisha zitia shule za Waafrika chini ya mkono wa serikali ya ubaguzi wa rangi, na shabaha yake haikufichwa: mtoto mweusi afundishwe yale yatakayomfaa katika utumishi, basi. Mahali ambapo Mwafrika angeweza kusomea sanaa palihesabika kwa vidole. Gowenius na mkewe walianza katika hospitali ya misheni ya Ceza, wakiwafunza wanawake ambao wangewaongoza wagonjwa wa kifua kikuu katika kazi za mikono, ili kuwapunguzia uchovu wa kitanda. Kazi ile ya kuwaliwaza wagonjwa ilikua ikawa karakana, na mwaka 1963 karakana ikahamia Rorke's Drift chini ya Kanisa la Kilutheri.

Mmoja wa wagonjwa wa Ceza alikuwa kijana aitwaye Azaria Mbatha, aliyezaliwa mwaka 1941. Alitiwa patasi mkononi, na hakuiacha tena. Alichonga hadithi za Biblia, akizigawa katika visanduku vilivyopangwa safu kwa safu ili jicho lisome kama lisomavyo ukurasa. Na watu wa hadithi hizo akawafanya weusi. Leo jambo hili laweza kuonekana dogo. Fikiri, hata hivyo, maana yake katika nchi ambayo sheria ilimpimia mtu hadhi yake kwa rangi ya ngozi, kisha umwone Daudi mweusi akisimama mbele ya Goliathi. Mbatha hakuwa na haja ya kuandika neno hata moja la siasa juu ya karatasi ile. Baadaye alikwenda Uswidi kusoma, akarudi Rorke's Drift kufundisha mahali alipokuwa mwanafunzi, kisha akahamia Uswidi kabisa, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 2018.

Angalia hapo mwanafunzi alivyogeuka mwalimu. Wageni wawili hawawezi kuleta sanaa katika mzigo wao na kuigawa kama peremende, na wala Gowenius na mkewe hawakuwapa Waafrika kipawa. Walileta vifaa, nafasi na ruhusa ya kujaribu, vitu ambavyo serikali ilikuwa imewanyima watu. Yaliyobaki yalitoka kwa wenyewe. Aliyejua namna ya kunoa patasi alimwonyesha asiyejua. Aliyeharibu bamba kwa kuliacha mno katika asidi aliwaonya wenzake. Na picha mbichi zilipotundikwa kwenye kamba zikauke, kila apitaye alizitazama, akazisifu au akazikosoa. Katika sanaa ya chapa huwezi kuficha kosa lako. Latundikwa kambani pamoja na sifa yako.

Mtu aweza kuhofu kwamba watu wanaotumia meza moja na wino mmoja watafanana wote kazi zao. Rorke's Drift yakanusha hofu hiyo. Cyprian Shilakoe, aliyezaliwa mwaka 1946 akafa kwa ajali ya gari mwaka 1972 akiwa kijana bado, alipenda bamba na asidi. Watu wake ni kama vivuli vya moshi, wenye macho ya huzuni, wanaongoja mtu asiyekuja. John Muafangejo alitoka mbali zaidi. Alizaliwa Angola mwaka 1943, akakulia kaskazini mwa Namibia, akasoma Rorke's Drift toka mwaka 1967 mpaka 1969. Yeye alipenda linoliamu, nyeusi tupu na nyeupe tupu, na akachonga maneno ndani ya picha zenyewe: habari za maaskofu, za arusi, za upweke wake, za vita. Kumbuka kiazi chako, msomaji, kisha ufikiri taabu ya kuchonga sentensi nzima kinyumenyume. Muafangejo alivichonga pia vile vita vya mwaka 1879, na hivyo kivuko kile kikasimuliwa kwa mkono wa Mwafrika. Alifariki mwaka 1987, miaka mitatu kabla ya Namibia kupata uhuru wake.

Sipendi kuisifu karakana hii kupita kiasi. Wanawake waliwekwa zaidi katika ufumaji wa mazulia ya ukutani, na wanaume katika chapa. Na fedha za mazulia yale zilisaidia kuitegemeza shule ya sanaa. Allina Ndebele, aliyekuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza na mkalimani wa walimu wake, hatimaye alikwenda kuanzisha karakana yake mwenyewe ya ufumaji. Wanawake wachache walipenya katika chapa, na mmoja wao, Bongiwe Dhlomo, alichonga habari za watu waliofukuzwa kwa nguvu katika makao yao. Picha zake ni chache maneno na nzito maana.

Mwaka 1982 idara ya sanaa ya Rorke's Drift ilifungwa, ingawa kufuma na kufinyanga kuliendelea. Mtu angetazamia habari iishe hapo. Lakini mtambo wa chuma ndio uliosimama. Ujuzi ulikuwa umekwisha toka mlangoni ndani ya mikono ya watu. Lionel Davis wa Cape Town alikuwa amefungwa kisiwani Robben miaka saba, na alipotoka akawekewa kizuizi cha nyumbani miaka mitano. Baadaye alisoma Rorke's Drift, akarudi kwao katika karakana iliyoanzishwa mwaka 1977 kwa ajili ya watu wa mitaani, akafundisha namna ya kupiga mabango kwa wino unaopenyezwa katika kitambaa kilichowambwa kwenye fremu. Vyama vya wafanyakazi na vya mitaa vikapata sauti ya kubandika ukutani. Thami Mnyele, aliyepitia Rorke's Drift mwaka 1973, alikimbilia Botswana, akapiga mabango pamoja na wenzake wa kikundi cha Medu mjini Gaborone. Usiku wa tarehe 14 Juni 1985 majeshi ya Afrika ya Kusini yalivuka mpaka yakamwua, yeye na watu wengine kumi na mmoja. Nadhani serikali haitumi askari usiku kwa ajili ya karatasi na wino isipokuwa imeviogopa. Hata Tanzania, katika kambi ya wakimbizi ya Dakawa, mkoani Morogoro, Waafrika wa Kusini walikuwa na karakana yao ya kufuma na ya kupiga chapa vitambaa, ambayo walirudi nayo kwao zama za utengano zilipokwisha.

Mwaka 1991 Kim Berman, mwanamke mweupe aliyerejea kutoka Marekani, na Nhlanhla Xaba, mchoraji mweusi, walifungua mjini Johannesburg karakana iitwayo Artist Proof Studio. Siwezi kuiita mtoto wa Rorke's Drift kwa nasaba, bali ni wa ukoo ule ule. Vijana wa mitaa ya Waafrika walijifunza hapo pamoja na wasanii wenye jina, juu ya meza moja, katika nchi ambayo ilikuwa bado haijapiga kura ya watu wote. Mwezi wa Machi mwaka 2003 moto uliteketeza jengo, pamoja na vifaa na picha za miaka mingi. Nhlanhla Xaba alikuwamo ndani usiku ule, akafa.

Waliobaki waliingia katika majivu wakaokota vipande vya picha vilivyoungua nusu, vya huyu na vya yule, wakavibandika pamoja kufanya picha mpya. Mwaka uliofuata karakana ilikuwa imefunguliwa tena, katika jengo la zamani la mabasi huko Newtown, na kamba za kukaushia zilikuwa zimekwisha fungwa.