Sofa bovu na safari ya kwenda Pugu

Wadau, juzi nilihama Sinza nikabaki na sofa bovu, godoro na friji iliyokufa. Nikaita kirikuu. Dereva akauliza: gari linafika mlangoni? Wabebaji wangapi? Tunamwaga wapi? Nilipotaja dampo la Pugu Kinyamwezi, bei ikapaa.

Nikaanza kulalamika, kisha nikakumbuka historia. Zamani taka za Dar zilimwagwa Tabata, katikati ya makazi. Moshi, harufu na nzi viliwachosha wananchi, na mwaka 1988 wakaishitaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likawa linaomba kuongezewa muda, hadi mwaka 1991 mahakama ikasema basi. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka huohuo, nao wakashinda. Ikafuata Vingunguti, kisha Mtoni, mwisho Pugu.

Dampo likisogea mbali, mafuta yanaongezeka na safari za dereva kwa siku zinapungua. Hapo ndipo bei inapotoka. Kwa maneno mengine, nilikuwa nalipia ushindi wa watu wa Tabata, na sioni kama ni dhambi.

Dereva wa pili alitaka nusu ya bei. Nikamuuliza atamwaga wapi. Akacheka tu. Bonde la Msimbazi haliko mbali na Sinza.

Nikamrudia yule wa kwanza. Ninyi wenzangu, sofa zenu huwa zinaishia wapi?