Mzizi Uliotolewa Chupani

Mwaka 1895 bia ya mizizi, kinywaji ambacho akina mama wa Marekani waliwatengenezea watoto wao jikoni, ilipandishwa kizimbani. Umoja wa Wanawake Wakristo wa Kupinga Ulevi uliwataka wafuasi wake waisusie. Hoja yao haikuwa ya kubeza. Kinywaji hicho kilichachushwa kwa hamira, na hamira ikila sukari hutoa vitu viwili kwa pamoja: gesi inayoleta povu, na kileo.

Aliyeumizwa zaidi na shauri hilo ni Charles Hires, mfamasia wa Philadelphia. Alikuwa Mkwekeri, mpinzani wa pombe, na bidhaa yake aliitangaza kuwa kinywaji cha watu wasiolewa. Inasimuliwa kwamba mwanzoni alitaka kuiita chai, lakini rafiki yake, mhubiri Russell Conwell, akamshauri aiite bia ili wachimba makaa ya mawe wa Pennsylvania waikubali. Alikuwa ameitambulisha kwa umma mwaka 1876, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru. Haikuwa kwenye chupa wakati huo. Hires aliuza pakiti ya mizizi, magome na mitishamba iliyosagwa kwa senti 25. Mnunuzi aliongeza maji, sukari na hamira, akapata galoni 5, karibu lita 19. Baadaye kilikuja kiowevu kilichokolezwa, kisha chupa zilizo tayari.

Mgomo ulidumu hadi 1898, maabara ilipopima na kueleza kwamba kileo cha chupa nzima hakizidi kile kilichomo katika nusu ya mkate. Mkate nao huumuliwa kwa hamira, na hakuna aliyewahi kuususia. Umoja ukalegeza kamba.

Ladha yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko Hires. Roho yake ilikuwa sasafrasi, mti wa mashariki ya Amerika Kaskazini ambao wenyeji wa huko walitumia mizizi yake kama dawa tangu zamani. Katika karne ya 16 tabibu Nicolás Monardes wa Seville aliusifu katika maandishi yake, na Ulaya ikaamini kwamba unatibu kaswende. Mwaka 1603 nahodha Martin Pring alivuka Atlantiki kutoka Bristol kwenda kuutafuta mti huo na kurudi na shehena yake. Kabla ya tumbaku kushika soko, sasafrasi ilikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza zilizowavuta Waingereza kwenye pwani ile.

Jikoni, mzizi huo uliungana na sarsaparila, tangawizi, urukususu, majani ya wintergreen na gome la mti wa birch. Kila nyumba ilikuwa na mchanganyiko wake.

Kisha ikaja hukumu ya pili, na hii haikubatilishwa. Mwaka 1960 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku safroli, mafuta yanayoipa sasafrasi harufu yake, baada ya majaribio kuonyesha kwamba yanasababisha saratani ya ini kwa panya. Watengenezaji wakalazimika kutumia sasafrasi iliyoondolewa safroli, au ladha za kiwandani. Nafasi iliyoachwa wazi ilichukuliwa na wintergreen na vanila.

Hapo ndipo ugumu wa kuihukumu bia ya mizizi ya leo unapoanza, hasa ile inayopikwa na mafundi wadogo kwa mitishamba halisi. Inapimwa kwa kumbukumbu ya mzizi ambao, kwa umbo lake la zamani, haumo tena. Mgeni akiinusa hukutana kwanza na harufu ya dawa ya kuchua misuli, na pua yake haijamdanganya: methili salisilati ya wintergreen ndiyo hiyo hiyo inayotiwa katika dawa hizo. Wengi hukata tamaa hapo, nayo ni hasara, kwa maana nyuma yake kuna mengi. Mnywaji wa soda ya tangawizi wa Dar es Salaam au Nairobi ataitambua tangawizi inayowasha kooni, kisha utamu mzito wa urukususu unaochelewa kuondoka ulimini.

Mwonjaji makini haiachi iwe baridi mno, maana baridi kali huficha harufu. Povu hulitazama bila kulipa alama nyingi, kwa kuwa mara nyingi hutokana na gome la kilaya la Chile au mmea wa yuka, vitu vinavyotoa povu kama sabuni. Vanila ikitangulia mbele ya vyote, ana haki ya kushuku kwamba fundi ameficha mizizi michache chini ya sukari. Kipimo kikali zaidi ni kuiacha glasi mezani hadi gesi iishe, kisha kuonja tena: palipo na magome na mizizi ya kweli, uchungu mwembamba huwa bado upo.