Aliyepandikizwa ini huhitaji uangalizi wa maisha yote

Kupandikiza ini huokoa maisha ya mgonjwa ambaye ini lake limeshindwa kazi, lakini tiba yake haiishii katika chumba cha upasuaji.

Upandikizaji wa kwanza kwa binadamu ulifanywa mwaka 1963 na Dk. Thomas Starzl huko Denver, Marekani. Wagonjwa wa mwanzo hawakuishi muda mrefu. Matokeo yalianza kuwa mazuri miaka ya 1980 ilipopatikana saiklosporini, dawa inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili ili isilishambulie ini jipya. Leo inayotumika zaidi ni takrolimasi.

Hatari ya mwili kulikataa ini huwa kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo. Mara nyingi hali hiyo huanza bila dalili yoyote na kugunduliwa kwa vipimo vya damu tu. Ndiyo maana mgonjwa anayejisikia mzima hatakiwi kuacha dawa wala kukosa kliniki.

Kiasi cha takrolimasi katika damu hupimwa mara kwa mara. Kikizidi, huweza kudhuru figo na kusababisha mikono kutetemeka; kikipungua, ini huwa hatarini. Balungi huongeza kiasi hicho, ilhali rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hukishusha mno. Kwa hiyo mgonjwa asitumie dawa yoyote ya dukani, wala mitishamba, kabla ya kumwuliza daktari wake.

Kwa kuwa kinga imepunguzwa, maambukizi humpata kwa urahisi. Hushauriwa kunawa mikono, kunywa maji salama na kula chakula kilichoiva vizuri. Chanjo zenye virusi hai, kama ya surua au ya homa ya manjano, kwa kawaida hapewi. Shinikizo la damu, kisukari na saratani ya ngozi navyo huchunguzwa.

Homa, macho kuwa ya manjano, mkojo wa rangi nzito, kinyesi cheupe au maumivu ya tumbo ni dalili za kwenda hospitali mara moja.

Kwa Watanzania na Wakenya wanaofanyiwa upasuaji huu nchini India, maandalizi huanza kabla ya kurejea: kumpata daktari wa kuwafuatilia, maabara yenye uwezo wa kupima kiasi cha dawa katika damu, na fedha za dawa hizo ambazo hazina mwisho.